Swali la Saba

Mwaka wa pili, somo la Dini na Jamii,
Profesa Achterberg alitugawia hojaji, kurasa nne,
maswali ishirini na mawili, visanduku vidogo
kama madirisha ya jela ya sisimizi.
"Nendeni kwa watu," alisema.
"Msiamini. Msikanushe. Hesabuni."

Nikapanda basi, nikavuka daraja, mto umeganda,
Saskatoon yote nyeupe kama karatasi isiyojibiwa,
nikashukia kwenye kanisa la Waukraine
alikobatizwa babu. Mimi sikubatizwa.
Mama alisema: atachagua mwenyewe akikua.
Nimekua. Nimechagua kozi.

Chumba cha chini, Alhamisi, saa tatu asubuhi,
wanawake tisa, kitinda mimba wao ana miaka sitini na minane,
wanakunja pirogi, sambusa za viazi, za kuchemsha,
dola kumi na mbili kwa dazeni, fedha za kuezeka paa.
Mvuke. Vitunguu. Redio inataja bei ya ngano.

Nikamwendea Paraska Wowchuk, mkubwa wao,
nikasoma kwa sauti ya mtafiti, ile isiyo na mwenyewe.
Umri? "Themanini na sita."
Elimu? "Darasa la nane, halafu ng'ombe."
Kipato? Alicheka mpaka akashika meza.

La saba: Husali mara ngapi?
Kila siku. Kila wiki. Mara chache. Sisali kabisa.

Akaitazama karatasi. Akanitazama mimi.
"Mtoto wa nani wewe?"
Nikamweleza kwamba hojaji haitaji majina, ni siri.
"Sijauliza siri. Nimeuliza wa nani."
Wa Melnychuk, nikasema. Mjukuu.
"Yule wa sauti nzito, aliyesinzia kwenye mahubiri?"
Huyo huyo.
"Basi kanawe mikono."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
lakini mimi nilikuwa nimelala pembeni mwa hiki,
mguu mmoja sakafuni.
Nikafundishwa kubana ukingo: dole gumba, shahada, dole gumba.
Ukiachia, viazi vyote sufuriani.
Ndipo nikasikia. Kila anapobana, Paraska hutaja mtu,
polepole, kama anayepanga vikombe:
Stefan, aliyekufa kwenye trekta.
Olena, anauza nyumba Calgary, hapigi simu.
Mpwa aliye vitani, ambaye hajawahi kumwona.
Daktari wa macho. Daktari wa macho tena.
Pirogi moja, jina moja. Hadi adhuhuri
nilikuwa nimehesabu mia tatu na kumi na mbili,
na hakuna kisanduku cha namna hiyo.

Usiku maktabani nilisoma kwamba ibada ni gundi ya jamii.
Sawa. Unga na maji ni gundi pia.
Nikasoma kwamba watu husali kwa sababu ya wanachokosa.
Paa, nikaandika pembeni. Kisha nikafuta.
Kisha nikaandika tena.

Kazi ikarudi na wino mwekundu:
"Swali la saba: data haipo. Kwa nini?"
Na chini zaidi: "Mtafiti asishiriki."
Alama sitini na moja.
Na duara kuzunguka doa la mafuta, bila maelezo,
kana kwamba hilo nalo lilikuwa hoja.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda bila karatasi.
Ukiniuliza kama ninaamini, nitakuomba kisanduku cha tano.
Paraska alinisogezea sinia, akachukua kiduara cha unga,
akatia viazi, akasita.
"Jina lako? Siku ile hukusema."
Taryn.
Alilitafuna kidogo, kama kitu kisichoiva.
"Hilo si jina la mtakatifu yeyote," alisema.
Akalikunja vilevile, akabana ukingo,
akaliweka kwenye sinia pamoja na mengine.